Tumbo la Dada, Mdomo wa Dokta

Kaka yetu mkubwa si daktari. Hilo naliweka mbele kabisa, kwa sababu ukikaa naye nusu saa utaondoka ukiamini kwamba ni daktari, tena bingwa, tena aliyebakiza kidogo tu aitwe profesa. Alikuwa mtunza stoo wa kituo cha afya. Kazi yake ilikuwa kupokea maboksi ya dawa, kuyapanga, kuyafungia kwa kufuli, na kuyatoa wauguzi walipoyahitaji. Ni kazi ya heshima, na anayeifanya vizuri anastahili pongezi zake. Lakini yeye alistaafu akatoka na jina la Dokta. Sijui alilichomoa kwenye boksi gani, ninachojua ni kwamba ukoo mzima ulimpokea nalo kwa vigelegele.

Kwetu mtu akiumwa haendi hospitali. Anakwenda kwa Dokta, akizidiwa ndiyo anakwenda hospitali, na akipona anarudi kumshukuru Dokta. Akifa, Dokta anasema alicheleweshwa. Mimi ni mdogo wa mwisho, msusi, na mama alikuwa akisema ulimi wangu sikuzaliwa nao, niliuokota njiani. Kila nilipojaribu kusema neno niliambiwa, "Wewe nyamaza, nywele na dawa wapi na wapi?" Basi nilinyamaza nikabaki kukunja midomo.

Aliyemwamini Dokta kuliko wote alikuwa dada yetu wa kati, na hapo ndipo nilipokuwa sielewi, maana Dada si mjinga. Ni fundi makochi. Ana karakana yake mwenyewe, na mkono wake unajulikana: kochi lililotoka kwake watoto watalirukia mpaka waote ndevu, na springi haitalia. Mteja akija na ujanja, Dada humtazama tu, huku misumari imemjaa mdomoni, na mteja anaanza kuomba radhi mwenyewe. Lakini mbele ya Kaka mwanamke huyo huyo anageuka mtoto wa kutumwa chumvi.

Mumewe ndiyo usiseme. Shemeji yangu ni mpole, ila upole wake ni ule wa godoro: yeyote atakayelala juu yake, litashika umbo lake. Ukimwambia jua kali, atajibu kweli, linachoma. Mwingine akipita akasema mvua inakuja, atajibu kweli, hata yeye ameona mawingu. Mimi nilimpa jina la Ndiyo-Ndiyo, na hata hilo alilikubali.

Siku ugonjwa ulipoanza Dada alikuwa karakana, amepiga magoti, anavuta kitambaa mgongoni mwa kochi. Mara tumbo likamkata. Maumivu yalikuja kama uchungu wa kuzaa, yanapanda, yanakaba, halafu yanaachia. Ukidhani yamekwisha, hayo tena. Akatapika chakula cha mchana. Akanywa maji, akayatapika nayo. Akafunga karakana, akarudi nyumbani ameshika ukuta wa kila nyumba aliyoipita.

Ndiyo-Ndiyo alipomwona katika hali ile hakuita gari. Alimwita Dokta.

Dokta akaja na mkoba wake na miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Akamlaza Dada, akamgonga tumbo kwa vidole viwili kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, akatega sikio.

"Gesi," akatangaza. "Gesi imekosa njia. Tutaisukuma kutoka juu, na ikibidi tutaivuta kutoka chini."

Akakoroga haluli kwenye glasi, ile chumvi ya kuharisha ambayo hata harufu yake inakukimbiza chooni. Dada akainywa yote, akaitapika yote. Akakorogewa nyingine. Hiyo ikakaa tumboni, na baada ya muda Dada akaanza kulia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata alipokuwa anazaa. Asubuhi yake Dokta akaja na mpira na ndoo ya maji ya sabuni, akayapitisha kwa nyuma. Maji yakatoka kama yalivyoingia. Tumbo likazidi kuvimba, limekaza, linang'aa.

"Kaka," nikamwambia, "tangu jana hajapata choo, hata upepo hajatoa. Anachotapika ni kijani. Twende hospitali."

"Hospitali watamfanya nini ambacho mimi sijamfanya?"

"Kumponya, labda."

Ndiyo-Ndiyo akakohoa. "Shemeji, tumpe Dokta nafasi. Dawa inataka muda."

Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. La dada yangu lilikuwa linasikia kila dawa iliyotajwa na Kaka, na ndiyo maana nusura life kweli.

Nilikwenda saluni kwa sababu kulikuwa na bibi harusi aliyekuwa ananisubiri. Nilimsuka huku mikono iko kichwani kwake na roho iko kwa Dada. Niliporudi nilinusa kabla sijaona. Dada alikuwa ameinamia beseni, na kilichokuwa ndani ya beseni kilinuka kama choo. Kinyesi kimekosa mlango wa chini, kinatafuta wa juu. Nikamwangalia Dokta. Alikuwa sebuleni anakunywa chai, anamweleza jirani kwamba mwili unajisafisha wenyewe.

Sikubishana naye, maana kubishana na debe tupu ni kuliongezea mlio. Nilikwenda kumchukua dereva wa pikapu inayobeba makochi ya Dada. Kiti cha mbele Dada asingeweza kukikalia, na kumlaza kwenye bati tupu nisingethubutu, basi tukabeba kutoka karakana kochi la mteja lililokuwa halijavishwa kitambaa, sponji iko nje, tukalipandisha nyuma ya gari. Tukamlaza Dada hapo. Mimi nikakaa sakafuni nimemshika mkono. Ndiyo-Ndiyo akakaa upande wa pili ameshika beseni, na nampa haki yake, alilishika vizuri. Dokta akakaa mbele, maana mbele ndiko wanakokaa wakubwa, akawa anamwelekeza dereva njia ambayo dereva alikuwa akipita kila siku.

Hospitali hawakupoteza muda. Muuguzi mnene, mwenye mikono myepesi, alimpitishia Dada mpira puani mpaka tumboni, na maji ya rangi ya tope yakaanza kushuka kwenye mfuko. Wakamtundikia dripu. Wakampiga picha ya eksirei. Halafu akaja daktari wa upasuaji: mwanamke wa makamo, mwembamba, amevaa viatu vya plastiki vilivyopasuka kisigino, na maneno yake machache kama meno ya mtoto anayetambaa. Hakusalimia kwa mbwembwe. Alifunua shuka, akalitazama tumbo, akaweka kidole kwenye kovu refu linaloshuka kutoka kitovuni.

"Hili?"

"Kidole tumbo," Dada akasema kwa shida. "Kilipasuka nikiwa msichana."

Hapo lazima niseme jambo moja kwa haki, ingawa haki yenyewe inanikwaruza kooni. Kidole tumbo kilipompasukia Dada, mvua ilikuwa inanyesha, barabara haipitiki, na Kaka ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali. Alianguka matopeni akainuka naye. Bila yeye Dada asingekuwepo. Hilo ni kweli, na silipunguzi. Ila Kaka naye hakulipunguza. Alilila mbichi, akalila limepikwa, akalila kiporo. Hakuna harusi wala msiba ambao hakusimama akasema, "Huyu mnayemwona, nilimbeba kwa mgongo huu." Na Dada kila mara aliinamisha kichwa, kama mtu anayesomewa hukumu.

Daktari akatueleza. "Tumbo likipasuliwa, ndani nako kunaota makovu. Yananata. Yanagandisha utumbo kwa utumbo, au utumbo kwa ukuta wa tumbo. Mengine yanakuwa kama uzi uliokaza, yanaweza kukaa miaka na miaka bila kusumbua. Siku utumbo ukijipenyeza chini ya uzi huo, unabanwa, na hakuna kinachopita."

"Yaani gesi," Dokta akasema, huku anatikisa kichwa kitaalamu.

"Si gesi." Daktari hakumgeukia. "Nyumbani alipewa dawa yoyote?"

Nilimwona Kaka anaivaa miwani, anaivua.

"Hapana," akasema. "Maji ya uvuguvugu tu."

Nikamtazama Dada. Dada alikuwa anamtazama Kaka. Alikuwa na mpira puani na midomo imekauka, lakini macho yalikuwa mazima, na kuna kitu kilizimika mle, nakikumbuka mpaka leo.

"Alipewa haluli," nikasema. "Glasi mbili. Na maji ya sabuni kwa nyuma. Aliyempa ndiye huyu hapa."

Daktari akageuka sasa. "Wewe ni nani?"

"Mimi," Kaka akajinyoosha, "niko kwenye sekta ya afya."

"Upande gani?"

"Upande wa... vifaa."

"Vifaa tunavyo. Kaa pale." Akamwonyesha benchi la ukutani. "Njia ikiwa imeziba, haluli inausukuma utumbo upigane na mlango uliofungwa. Unaweza kupasuka. Bahati yake haujapasuka."

Kaka akakaa. Ndiyo-Ndiyo akakaa pembeni yake, maana aliona mtu amekaa.

Hawakumkimbiza Dada kwenye upasuaji papo hapo. Daktari alisema wakati mwingine utumbo ukipumzishwa, mpira ukipunguza shinikizo, unajifungua wenyewe, na mtu akipona bila kisu ndiyo heri zaidi. Basi tukangoja. Lakini mpira uliendelea kutoa tope, na kesho yake maumivu yakabadilika: hayakuwa tena ya kuja na kuachia, yakawa ya kukaa. Mapigo ya moyo yakapanda. Daktari akaminya tumbo mara moja, Dada akaruka, na huo ukawa mwisho wa kungoja.

"Naingia leo," akasema. "Nitaanza kwa matundu. Kamera kwa tundu moja, pembeni, mbali na kovu la zamani. Vyombo kwa matundu mengine mawili. Nitautafuta uzi uliobana, niukate. Nikikuta utumbo umevimba kiasi kwamba sioni, au umekufa, nitapasua kama kawaida. Siahidi matundu. Naahidi kuangalia."

Na Kaka, ambaye mtu mwingine mahali pake angekuwa anatafuta shimo la kujifukia, akainuka kutoka kwenye benchi.

"Samahani, Daktari. Tumbo la mtu si chumba cha wageni, mkalichungulie kwa tundu la funguo." Akacheka. Alicheka peke yake, halafu Ndiyo-Ndiyo akamsaidia kidogo. "Mimi namjua bingwa mmoja. Yule anafungua kutoka hapa," akajipima kifuani, "mpaka hapa," mkono ukaenda chini ya mkanda, "anatoa kila kitu nje, anaosha, anarudisha. Hiyo ndiyo operesheni. Hizi za kamera ni mambo ya vijana. Mnatazama televisheni."

"Kidonda kirefu ndicho kilichomleta hapa," Daktari akasema. "Unataka nimpe kingine?"

"Nataka kazi ionekane!"

Ndiyo, alisema hivyo. Nataka kazi ionekane. Tumbo la dada yangu linaoza, naye anataka onyesho. Akamgeukia Ndiyo-Ndiyo. "Usiweke sahihi. Mpaka nimpigie bingwa."

Ndiyo-Ndiyo alikuwa amekwisha kushika kalamu. Akaiweka chini.

"Sikumwomba yeye," Daktari akasema kwa upole wa kutisha. "Mgonjwa ana akili zake." Akaichukua kalamu, akamwinamia Dada. "Umenisikia nilivyosema? Yote, pamoja na hatari zake?"

"Nimesikia." Sauti ya Dada ilikuwa kama msasa juu ya ubao. Aliweka sahihi yake taratibu, herufi kwa herufi, kama anavyopigilia msumari wa urembo. Kaka akamsogelea, akafungua mdomo.

"Kaka," Dada akasema, "sogea. Unaniziba hewa."

Wakamsukuma Dada kwenye kitanda chake cha magurudumu.

Nilikaa nje ya ule mlango wa chumba cha upasuaji ambao nusu yake ya juu ni kioo cha ukungu, kila kivuli kikipita nasimama. Ndiyo-Ndiyo alikaa karibu yangu, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumwambia aseme nini, basi akalia. Nilimwacha alie. Kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu.

Na Dokta je? Dokta alikwenda kunyoa. Sikusingizii, Kaka, kama utasikia habari hizi. Alisema ndugu watakuja kuuliza hali, naye ndiye msemaji wa familia, hawezi kuonekana na ndevu za jana. Dada yake yuko kwenye nusu kaputi, tumbo limejazwa hewa ili kamera ipate nafasi, mtu anatafuta uzi ndani ya matumbo yake, na yeye amelegeza shingo kwa kinyozi, amefumba macho, anapakwa poda.

Alirudi ananukia. Ndipo Daktari naye akatoka, barakoa imeshuka kidevuni, alama ya kofia imejichora kwenye paji la uso.

"Uzi mmoja," akasema. "Ulitoka kwenye kovu la zamani ukaenda mpaka nyuma ya utumbo. Kipande cha utumbo kilipita chini yake kikajisokota. Kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Nimekata uzi, tukakimwagia maji ya uvuguvugu, tukangoja. Kikarudi kuwa chekundu, kikaanza kutembea. Sikukata kitu kingine."

"Kwa matundu?" Ndiyo-Ndiyo akauliza.

"Kwa matundu. Ilikuwa finyu, lakini imewezekana." Akajifuta paji la uso. "Kuna makovu mengine nimeyaacha. Hayabani kitu, na kuyagusa ni kuyazalisha. Yanaweza kuleta shida siku moja, yanaweza yasilete. Maumivu kama yale yakirudi, aje hapa. Hapa, si kwa mtu." Akamtupia Kaka jicho moja, fupi, kama mtu anayeangalia kama taka imemwagwa. "Mngekaa naye nyumbani hata leo tu, ningekuwa natoa kipande. Au ningekuwa nawapa pole."

Akaondoka, kisigino kilichopasuka kinapiga makofi sakafuni.

Kaka akajipapasa kidevu kilichonyolewa. "Mnaona?" akatuambia. "Nilisema njia imeziba."

Kuna watu ukiwatukana unajichafua wewe.

Siku zilizofuata wodi nzima ilikuwa inangoja kitu kimoja, dalili kwamba utumbo umeamka. Muuguzi mnene akiingia tu, "Mama, umetoa upepo?" Daktari akipita, "Upepo?" Dada, ambaye maisha yake yote hakuwahi kulitamka jambo hilo hata mbele ya mumewe, alikuwa anatikisa kichwa, amejifunika shuka mpaka machoni. Bega lilikuwa linamuuma kuliko tumbo. Muuguzi alisema ni ile hewa waliyomjaza, inachelewa kuisha, atembee. Kaka aliposikia bega akasema ni moyo, akaanza kutafuta mapigo kwenye kifundo cha mguu. Dada alitembea. Alitembea kwenye korido akiwa amemshikilia Ndiyo-Ndiyo, dripu inawafuata kwa magurudumu.

Asubuhi moja nikiwa nampaka mafuta miguuni, akanishika mkono ghafla. Akatulia. Halafu ukasikika mlio mwembamba, mrefu, kama mlango wa kabati la zamani.

Tulitazamana. Tukacheka mpaka akashika matundu yake anaomba nimhurumie. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akapiga makofi. Ndiyo-Ndiyo alitoka mbio kwenda kumwambia muuguzi, akasahau viatu.

Ndugu walianza kuja, na hapo nikaona kwamba Kaka hakuwa peke yake duniani. Shangazi alifunua shuka bila kuomba, akatafuta kidonda. Akaona plasta moja ubavuni, nyingine chini yake, na ya tatu karibu na nyonga, kila moja ndogo kuliko stempu. Akasikitika waziwazi.

"Ndiyo haya tu?"

"Ndiyo haya, Shangazi."

"Na sisi tumeacha shughuli zetu! Mtu anasema amepasuliwa, kumbe ameumwa na mbu."

Binamu mmoja akauliza kama inawezekana hospitali imetudanganya, hawakuingia ndani kabisa. Mama mkwe wa Dada akasema zamani mtu akipasuliwa alikuwa anapasuliwa. Walisimama kuzunguka kitanda na sura za watu walioalikwa karamuni wakakuta meza haina kitu. Walitaka kovu la kutisha, walitaka nyuzi nene nyeusi, walitaka kusimulia. Kwamba mtu yuko hai, hilo halikuwatosha.

Kaka akaona soko limefunguka. Akasimama kichwani mwa kitanda, akapandisha miwani.

"Ndugu zangu, ngoja niwaeleze kitaalamu. Mimi nilipomgusa tu, nilijua ni makovu ya ndani. Nikamwambia yule daktari, maana bado ni mgeni mgeni, nikamwambia: msimpasue. Tumieni matundu. Akabisha kidogo, nikamwelewesha."

"Dokta wetu!" Shangazi akasema.

Nilimtazama Ndiyo-Ndiyo. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Nilifungua mdomo, Dada akanibonyeza goti chini ya shuka. Nikaufunga.

"Sasa kilichobaki," Kaka akaendelea, akaingiza mkono kwenye mkoba, "ni kusafisha. Utumbo umelala siku zote hizo, una uchafu. Nimemletea dawa kidogo tu, ya kulainisha." Akatoa ile ile chupa ya haluli. Akatafuta glasi.

Dada akajiinua. Alijiinua polepole kama walivyomfundisha, ubavu kwanza, mkono ukisukuma godoro. Akakaa. Nywele zake zilikuwa hazijachanwa, na gauni la hospitali lilikuwa limefungwa vibaya mgongoni. Lakini nilimwona yule fundi wa karakana, mwenye misumari mdomoni.

"Kaka. Daktari alikuuliza ulinipa nini. Ulisema hukunipa kitu."

"Hayo mambo ya—"

"Ulisema hukunipa kitu. Basi kama siku ile hakikuwa kitu, na leo si kitu. Kirudishe kwenye mkoba."

Hata jirani wa kitanda aliacha kutafuna.

"Mimi?" Sauti ya Kaka ikapanda. "Unaniambia mimi? Mimi niliyekubeba kwa mgongo huu, mvua inanyesha, watu wote wamekaa ndani?"

"Ulinibeba," Dada akasema. "Nakushukuru, na nitakushukuru mpaka nife. Lakini tangu siku ile na mimi nakubeba wewe, Kaka. Nakubeba mpaka nimepinda. Leo nakutua."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele, Kaka angejua la kufanya. Angesema ni homa. Lakini aliyasema vile anavyomwambia mteja kwamba kochi lake halitakuwa tayari, basi. Kaka alishika ile chupa akawa anaizungusha, anaizungusha, kama anatafuta maelezo yalipoandikwa. Akamtazama Shangazi. Shangazi alikuwa amepata ghafla shughuli ya kukunja shuka. Akamtazama Ndiyo-Ndiyo.

"Shemeji. Mwambie mkeo."

Ndiyo-Ndiyo akainua macho kutoka kwenye vidole vyake vya miguu. "Hapana," akasema.

Lilimtoka neno hilo likiwa jipya kabisa, halijatumiwa hata mara moja. Nadhani lilimshtua yeye kuliko sisi.

Kaka akafunga mkoba na kutoka. Alitoka kwa mwendo wa mtu anayekwenda kumwita mkubwa, ila hakuna mkubwa aliyeletwa. Kwa muda hakukanyaga kwa Dada. Nilisikia amewaambia watu kwamba dawa za usingizi humwacha mgonjwa na maneno mabaya, kwamba amesamehe. Nasikia pia amepata goti la jirani mmoja, analisugua kwa kitu chenye harufu ya mafuta ya taa, na jirani anamwita Dokta kwa sauti kubwa. Sawa. Kila debe na mpigaji wake.

Dada alipona. Alikatazwa kunyanyua vitu vizito kwa wiki kadhaa, akawa anakaa kwenye stuli karakana anaamrisha, Ndiyo-Ndiyo anabeba mbao na kuuliza, "Hapa? Hapa?" Yule mteja alilipokea kochi lake bila kujua lilikokwenda, ila Dada alibadilisha sponji yote kwanza, ana aibu zake. Siku moja tumbo lilimkata tena kidogo. Hakumwita mtu. Alichukua kanga na simu, akaenda zake hospitali, akakutwa hana kitu, akarudi, akaendelea na kazi. Ndiyo hivyo tu inavyofanyika. Haikuhitaji kikao.

Kaka amerudi siku hizi, maana ndugu ni ndugu. Hupita karakana jioni, namwamkia kwa adabu zote, Dada anamwekea kiti na chai, wanaongea habari za mpira na bei ya mbao. Anakaa vizuri tu. Kuna wakati huwa nasahau kumdharau. Halafu anakohoa, anapandisha miwani, anasema, "Unajua, kuhusu lile tumbo lako, kitaalamu..."

Hapo Dada anainama na kuwasha mashine ya kupigia stepla, ile kubwa ya kutumia upepo, inayonguruma mpaka bati la juu linatetemeka. Kaka anaendelea kusema. Tunaiona midomo yake inavyocheza.